Kufuli la Mwansa na Ushefu Wangu

Siku ya kuniaga kazini walinipa saa ya ukutani. Kubwa, ya rangi ya dhahabu, yenye nembo ya kiwanda katikati. Mtu ambaye kuanzia kesho yake hana tena pa kuwahi, anapewa saa. Mkurugenzi wa siku hizi alisoma hotuba iliyoandikwa na mtu mwingine, akanisifu kwa kazi isiyokuwa yangu, akakosea jina la marehemu mume wangu, kisha fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia, ikapiga na watu wakakimbilia nyama. Katikati ya kelele hizo Serge, kijana aliyechukua nafasi yangu, akaniinamia sikioni na kuniomba niwaandikie kurasa chache wahandisi wanaoanza kuongoza watu. Alitaka, kwa maneno yake mwenyewe, "les dix clés du leadership". Serge, mwanangu, funguo kumi sina. Nina mmoja tu, na ulikuwa wa kabati la sukari. Subiri, tutaufikia.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyote viwili vilinifurahisha kidogo kuliko majirani walivyodhani. Nitaanza pale nilipowekwa kuwa shefu, yaani mkuu, wa matengenezo katika kiwanda chetu cha shaba na kobalti hapa Likasi, kwa sababu moja tu ambayo nimewahi kuisikia: nilikuwa hodari wa mota. Ndivyo tunavyochagua viongozi. Mtu akijua sana mota, anaondolewa kwenye mota na kupewa watu.

Mota ni kiumbe mwaminifu. Ikiharibika inanuka, au inapiga kelele, au inasimama. Haikuambii "akuna problème, mama" huku inaungua.

Aliyenikabidhi ofisi alikuwa mhandisi Kasongo, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kudumu, aliyenifundisha umeme tangu nilipotoka chuoni na sasa alikuwa anakwenda kupumzika. Makabidhiano yalichukua muda wa kunywa chai. Alinionyesha kiti kilichovunjika mguu, akanionyesha kabati la sukari, akanionya nisimwachie mtu yeyote sukari, kisha akakaa kwenye ncha ya meza.

"Mama ingénieur," akasema, "huku akuna muntu atakuambia apana. Apana kwa shefu aiko. Iko tu ndiyo. Mais lakini ndiyo iko mingi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Muntu akisema ndiyo, na anakuuliza 'tutumie boulon ya namba gani?', ile kazi itafanyika. Akisema ndiyo na ananyamaza, itafanyika siku ingine. Akisema 'ndiyo mama, akuna problème', jua problème iko, tena mukubwa. Na bakisema ndiyo bote mara moja, kama ku kanisa, weye simama. Usiguse kitu."

Nilimshukuru kwa heshima zote. Moyoni nilisema mzee amechoka, afadhali anakwenda.

Baada ya hapo kiwanda kikanipeleka Lubumbashi kwenye semina ya uongozi. Ilifanyika katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kutengenezwa, na mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti ya kung'aa ambaye, nadhani, hajawahi kushika spana maishani. Alitufundisha kutabasamu. Alitufundisha kwamba mlango wa kiongozi uwe wazi daima. Alitusimamisha wawili wawili, mmoja afumbe macho na kujiangusha kinyumenyume, mwenzake amdake, ili tujifunze kuaminiana. Mimi nilipangwa na mhasibu wetu, mtu wa mwili wa kutosha, na hadi leo mgongo wangu unamkumbuka mvua ikikaribia. Nilirudi Likasi na cheti na klaseri nene ya karatasi za semina. Kuhusu mlango, wangu ulikuwa umevimba kwa mvua na ulikuwa haufungiki kabisa, kwa hiyo bila kujua nilikuwa kiongozi wa kisasa tangu siku ya kwanza.

Wiki zangu za mwanzo zilikuwa tamu sana. Kila asubuhi nilikusanya mafundi, nikatoa amri, nikauliza, "Mumesikia?" Wakajibu ndiyo. Nikauliza, "Kuna swali?" Hakuna swali. Nilirudi ofisini kichwa kimevimba, nikijiona nimezaliwa kuongoza. Niliamuru njia za nyaya juu ya paa la karakana zisafishwe. Ndiyo, mama. Wiki ikapita, vumbi liko pale pale. Nikaamuru tena. Ndiyo, mama. Safari ya tatu nilipandwa na hasira, nikachukua ngazi mwenyewe, nikapanda mbele yao wote niwafundishe kazi. Nyigu walikuwa wamejenga huko juu, ukoo mzima. Nilishuka kwa kasi ambayo hakuna semina inayoifundisha. Pale chini, mdomo umekuwa kama wa bata, nikauliza kama walijua kuna nyigu.

"Ndiyo, mama," wakasema. "Pole, mama."

Nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Nililia ofisini, mlango wazi kama kawaida, na nadhani kila mtu aliniona.

Sasa makufuli. Ninyi mnaosoma hili mnayajua, lakini wengine wenu mnayavaa kiunoni kama pambo, kwa hiyo nitaeleza. Kila mashine kubwa ina sanduku la swichi ya umeme. Fundi akitaka kuingia kwenye mashine, kwanza anazima, kisha anatundika kufuli lake jekundu kwenye sanduku, lenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni. Mafundi saba wakiingia, makufuli saba yananing'inia. Kila mmoja akitoka anaondoa lake. Likibaki hata moja, mashine haiwaki. Sisi tuliita kadena, na kila mtu alipewa moja, aliyotia sahihi mbele ya mlinzi wa stoo kana kwamba anaoa. Kumwazima mwenzako kadena lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, wote wawili, aliyetoa na aliyepokea, bila maelezo.

Basi ikafika siku ya wageni. Walikuwa wanatoka mbali, watu wenye uwezo wa kuongeza kiwanda au kukifunga, na Mkurugenzi wa wakati ule alitaka waone mkanda mkubwa ukizunguka. Huo ndio mkanda unaopita kwenye tuneli chini ya lundo la mawe ya madini na kuyapeleka kwenye kinu. Ndani ya tuneli ni giza, maji yanachuruzika, matope ni ya kijani, na simu haishiki. King'ora cha kuonya watu kabla mkanda haujaanza kilikuwa hakilii. Kilikuwa kinangoja kipuri kutoka Ulaya, na kipuri kilikuwa kinangoja sahihi ya mtu fulani.

Asubuhi ile mafundi walibadilisha roli zilizokufa, yale magurudumu yanayobeba mkanda, wakamaliza, wakaondoa makufuli yao. Likabaki moja. Limeandikwa MWANSA.

Na Mwansa hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kakanda tangu jana yake, kwenye kilio cha mama yake mdogo. Kila mtu alijua, maana tulichanga mchango wa kilio pamoja. Nikasema kichwani, huyu kasahau kufuli lake kwa uchungu.

Mkurugenzi akafika. Alikuwa na kofia nyeupe isiyo na mkwaruzo hata mmoja na buti zilizopigwa kiwi.

"Mama ingénieur, bageni banafika sasa iyi. Mukanda aizunguke juu ya nini?"

Nikamweleza kwa nini hauzunguki. Akasema mpigieni. Nikampigia Mwansa, nikaweka sauti juu ili wote wasikie. Huko Kakanda wanawake walikuwa wanaimba.

"Mwansa, pole na kilio. Kadena yako imebakia huku. Tunataka kuikata, tuwashe mukanda."

Nilisikia nyimbo tu.

"Munataka kuwasha sasa iyi, mama?"

"Sasa iyi."

"Mama, ngoja kidogo. Kalenga eko pale? Munipe kwanza Kalenga, niko na neno naye."

Kalenga alikuwa kiongozi wa kikosi, mdogo kwangu kwa umri, mkimya, mlokole, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akanyoosha mkono apokee simu. Lakini Mkurugenzi alikuwa mwepesi zaidi.

"Mwansa, jibu mimi. Weye uko mu tuneli ao uko ku Kakanda?"

"Niko ku Kakanda, patron, mais..."

"Voilà!" akasema Mkurugenzi, na mtandao ukakatika, au yeye aliukata, sijui hadi leo. "Muntu eko inje. Mukate."

Kanuni ilikuwa upande wake. Mwenye kufuli akithibitika yuko nje, shefu anaweza kuamuru likatwe, na shefu nilikuwa mimi. Niligeuka kwa mafundi.

"Mulete mashine ya kukatia. Mukate iyi kadena."

"Ndiyo, mama!" wakaitika. Wote. Mara moja.

Sikukumbuka kitu. Nilikuwa natazama saa ya Mkurugenzi.

Mashine ya kukatia ikaja, haina diski. Fundi akatumwa diski, akakawia. Akatumwa wa pili, akarudi na diski ya ukubwa mwingine. Akatumwa mwingine. Diski ikapatikana, waya wa kurefushia umeme haupo. Waya ukaja, hauna kichwa. Walikuwa wanakwenda na kurudi kwa adabu nyingi, "Pardon mama", "Tunaleta mama", na kila mmoja alitembea kama mtu anayesindikiza jeneza. Damu ikanichemka. Mbele ya Mkurugenzi, siku ya wageni, watu wangu wananifanya kichekesho! Nikaona sasa ni siasa, hawa wanataka niondoke, wapewe mwanamume. Nilifungua mdomo kuwatukana, na nina hakika matusi niliyoandaa yalikuwa mazuri.

Mkurugenzi alikuwa amechoka kungoja. Akamtuma mlinzi wa geti alete ule mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, ambao hauhitaji diski wala waya wala ndiyo ya mtu. Mlinzi akaondoka mbio. Yule alikimbia kweli.

Nikamtazama Kalenga nimwanzie yeye. Jasho lilikuwa linamtiririka, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Hakuwa anatazama kufuli. Hakuwa ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa yameng'ang'ania mdomo wa tuneli, kule ng'ambo ya lundo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba fundi wa kwanza kabisa, yule aliyekwenda kutafuta diski, hakwenda upande wa stoo. Alikwenda upande wa lundo, na alikuwa hajarudi.

"Kalenga," nikamwambia polepole, "iko kitu unataka kuniambia?"

Akamtazama Mkurugenzi. Akanitazama mimi.

"Apana, mama. Akuna problème."

Nywele zilinisimama. Nilimsikia Kasongo akikohoa kwenye ncha ya meza yangu.

"Simama mbele ya lile sanduku," nikasema. "Muntu asiliguse mpaka nirudi."

"Nisimame upande gani, mama? Wa mukono wa swichi?"

Aliuliza swali. Tangu niwe shefu, hilo lilikuwa swali la kwanza kutoka kwa Kalenga.

Ofisi yangu ilikuwa mlango wa pili. Nikaingia, nikafungua kabati, nikalitoa kufuli langu mwenyewe, jekundu, jipya, lenye jina langu, ambalo tangu nipewe lilikuwa halijawahi kulinda kitu chochote zaidi ya kilo moja ya sukari. Niliporudi mlinzi ameshafika na mkasi wake, na Kalenga amesimama mbele ya sanduku kama mlango wa benki. Mkurugenzi alikuwa anamwuliza kama ni kiziwi. Nikapita kati yao, nikalitundika kufuli langu kando ya lile la Mwansa, nikafunga, ufunguo nikautia kifuani.

"Unafanya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Naweka kadena yangu, directeur."

"Juu ya nini?"

"Bado sijue."

Nakiri halikuwa jibu la kitaalamu. Klaseri ya semina haina ukurasa wake.

"Na utajua wakati gani? Bageni bako ku geti!"

"Nitajua wakati nitatoka mu tuneli. Kama munataka kukata, mutakata na yangu. Mais minye siko ku Kakanda, directeur. Minye nitakuwa mule ndani."

Nikaondoka kabla hajajibu. Nilijua nikirudi mikono mitupu, kiti changu chenye mguu uliovunjika kitapata mtu mwingine kabla ya jua kuzama.

Sikufika mbali ndani ya tuneli. Kwenye giza niliona taa mbili zinakuja. Ya kwanza ilikuwa ya yule fundi wa diski, anahema kama mbwa. Ya pili ilikuwa ya Banza, mdogo kabisa katika kikosi kwa cheo ingawa ana mke na watoto wanne, matope ya kijani hadi mapajani, chuma cha kukwangulia mkononi. Alikuwa mwisho kabisa wa tuneli, amelala chali chini ya mkanda, mkono umeingia hadi begani kati ya mkanda na roli ya nyuma, akikwangua matope yaliyoganda. Hakusikia kitu. Alikuwa ametundika kufuli la Mwansa, aliloachiwa pamoja na ufunguo wake, akaingia kwa amani yake.

"Jambo, mama," akaniambia, kama tumekutana tunatoka misa.

Nikashika ukuta. Nilitaka kumpiga kofi na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa vyote viwili havifai kwa shefu nikamwuliza, "Kadena yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba, mama."

Tulitoka watatu, wote wachafu. Wageni walikuwa wanashuka kwenye magari. Mkurugenzi akatutazama, akamtazama Banza na matope yake, na nikaona anaanza kufanya hesabu. Nikamwahi.

"Tulikuwa tunafanya kontrole ya mwisho, directeur. Tuneli iko safi. Sasa tunaweza kukata ya Mwansa."

Sijui alielewa kiasi gani. Najua alichofanya. Aliwageukia wageni, akafungua mikono, akawaambia kwa Kifaransa kizuri kwamba katika kiwanda hiki yeye binafsi anadai tuneli nzima itembelewe kwa miguu kila mara kabla mkanda haujawashwa. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaandika. Kadena ya Mwansa ikakatwa, nikafungua yangu, mkanda ukazunguka, na Banza akasimama nyuma ya wote akiutazama, na nikaona ameanza kuushika ule mkono wake kwa mkono mwingine, anaupapasa kuanzia begani hadi vidoleni. Hakuuachia hadi wageni walipoondoka.

Jioni nilimwita Kalenga.

"Kama ningalikata?"

"Ningalilia, mama. Ningalisema yote."

"Juu ya nini ulingoja mpaka pale? Muntu eko chini ya mukanda, weye unanitafutia diski!"

Akavua kofia yake ya kazi.

"Mama, tungalisema mbele ya directeur, Banza na Mwansa bote banafukuzwa palepale. Kwa weye..." Akasita. "Kwa weye, tulikuwa bado atujue uko muntu wa namna gani."

Hilo ndilo neno lililoniingia kuliko mkasi wa mlinzi. Nilikuwa na cheti. Nilikuwa na mlango wazi. Na watu walipima maisha ya mwenzao kwenye mizani, upande huu kazi yake, upande huu mimi, wakaona ni salama zaidi kukimbia tuneli nzima kuliko kuniambia sentensi moja.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Kikula, nyumbani kwa Banza, kutazama kadena ile iko wapi. Ilikuwa kwenye mlango wa kibanda ambamo mkewe aliuzia makala, mkaa wa kupikia. Jekundu, limesuguliwa, linang'aa. Nilipoangalia vizuri mtaa ule nikayaona mengine. Kwenye geti la jirani, kadena ya kiwanda. Kwenye baiskeli, kadena ya kiwanda. Kwenye banda la kuku. Kwenye sanduku la sadaka la kanisa la maombi pale kwenye kona, kadena ya kiwanda, yenye jina la fundi ambaye alikuwa na cheo cha shemasi.

Mke wa Banza akanitolea kiti. Hakujua bado mumewe alikuwa wapi siku ile.

"Mama, iyi kadena ni ya nguvu," akanieleza kwa fahari. "Ile ya soko, mwizi anakohoa tu, inafunguka."

Kanuni ilisema niwafukuze wote wawili. Nilikaa pale nikinywa maji yake nikifikiria. Mwanamume alifunga makala ya mke wake kwa kufuli zuri, akaacha mkono wake mwenyewe bila kufuli. Ujinga mkubwa. Lakini mimi pia nilikuwa na kufuli jekundu, na ofisini mwangu hakukuwa na mwizi wa kumwogopa zaidi ya mhandisi Kasongo akija kunisalimu.

Sikuwafukuza. Niliwapa kukwangua matope ya ile roli msimu mzima wa mvua, kila mmoja na kadena yake, na kila mgeni aliyeajiriwa baadaye alipelekwa mwisho wa tuneli kusikia kisa hiki kutoka kwa Banza mwenyewe, pale pale alipokuwa amelala. Kisha niliomba kila fundi apewe kufuli la pili, la buluu, la kupeleka nyumbani. Ofisi ya manunuzi ikauliza sababu. Nikajibu "usalama kazini". Wakasema hawaoni uhusiano. Nikawaalika watembee Kikula. Hawakuja, lakini makufuli yalikuja, na banda la kuku likawa la buluu.

Na nikaongeza kanuni moja: kufuli la mtu halikatwi mpaka shefu awe amemwona mwenye kufuli kwa macho, na ameitembea mashine kwa miguu. Simu si macho. Tangu hapo niliacha pia kuuliza "Mumesikia?" Nikawa nauliza, "Nini itatuzuia?" Mara ya kwanza walitazamana. Mara ya pili mmoja akasema, kwa sauti ya chini, "Nyigu, mama." Wamerudi? Wamerudi. Nilikaribia kumpa yule mtu saa ya ukutani.

Wakurugenzi walipita, nimewazika wawili na kuwasahau wengine. Kasongo alifariki kabla sijamwambia alikuwa sahihi, na jambo hilo linanisumbua kuliko mengi. Kisha akaja Serge, kichwa chepesi, hodari wa mota, bila shaka. Mwaka wake wa kwanza aliniambia kanuni ya macho imepitwa na wakati, siku hizi kuna simu za video. Nikamwambia video inaweza kuwa ya jana. Akacheka. Akasema, "Ndiyo, mama," na hakuuliza swali lolote. Nikajua.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, Serge, na nilikuwa natafuta namna ya kumalizia kwa kukuchoma kidogo, pale simu ilipolia. Ulikuwa wewe.

"Mama, jambo. Pardon kukusumbua. Iko kadena imebakia ku sanduku ya mukanda. Iko na jina yako."

Nikaruka. Siku ya kuniaga, kabla ya hotuba, nilikuwa nimekwenda kuitembea ile tuneli mara ya mwisho, peke yangu. Nilitundika kufuli langu kama inavyopasa. Nilipotoka nje fanfari ilinivamia, wamama wa ofisi wakanivisha kitenge, nikasahau. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu, na mkanda ulikuwa umesimama tangu jana yake, siku hiyo ya kuniaga.

"Kateni tu, mwanangu," nikakuambia. "Niko nyumbani. Nimekaa sebuleni, natazama saa yenu."

Nyuma yako nilisikia sauti ya Mkurugenzi, kali, inauliza tunangoja nini. Nikasikia Kalenga akisema diski haionekani.

"Nakusikia, mama," ukasema. "Mais sikuone. Utakuja?"

Nilipanda taxi-bus nikiwa na ndara na kitenge cha nyumbani. Mlikuwa mmesimama wote mbele ya sanduku, Kalenga upande wa mkono wa swichi, na Banza, mvi tele sasa, ndio kwanza anatoka kwenye tuneli na matope yake, kwa kuwa ulikuwa umemtuma aitembee hadi mwisho. Mkurugenzi alikuwa kando na uso wa mtu aliyemeza limau. Hukuniamkia kwanza. Ulinishika mkono, ukanitazama usoni, ndipo ukasema, "Sawa, mama. Fungua."

Nikafungua. Machozi yalinitoka mbele ya watu, na safari hii sikujali nani ananiona. Ukaniambia nisogee nyuma ya mstari wa njano, nikasogea. Mkanda ukaanza kuzunguka, na mimi nilikuwa nje.